Kwa Nini Tunamlilia Msanii Ambaye Hatukuwahi Kukutana Naye

Akifariki msanii mkubwa, hazipiti saa nyingi makundi mawili yanajitokeza. Moja linalia. Linaweka picha ya marehemu, linarudia nyimbo zake usiku kucha, linaandika maneno ambayo kwa kawaida huandikiwa ndugu wa damu. La pili linashangaa: "Kwani alikuwa nani yako? Hata jina lako hakulijua." Makala haya yanaeleza yanayolipata kundi la kwanza, ila nimeyaandika nikililenga zaidi la pili, kwa sababu swali lile likiulizwa kwa kejeli huwafunga watu mdomo wakati hasa wanapohitaji kusema.

Alikuwa nani yake? Kwa jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi, alikuwa mtu wake. Jambo hili lina maelezo ya kitaalamu ya muda mrefu. Mwaka 1956, Donald Horton na Richard Wohl wa Marekani walichapisha makala kuhusu kitu walichokiona katika redio na televisheni za wakati huo. Mtangazaji anaitazama kamera moja kwa moja, anatabasamu, anasalimia, kisha ananyamaza kidogo kana kwamba anangoja kuitikiwa. Na kweli anaitikiwa: mtazamaji aliye peke yake sebuleni anatabasamu, wengine wanajibu kwa sauti. Miezi ikipita, mtazamaji anamzoea. Anaijua cheko yake, anatambua leo hayuko sawa, anakumbuka alichosema wiki iliyopita. Horton na Wohl waliueleza kuwa ni ukaribu wa kutoka mbali, uhusiano wa upande mmoja ambao ndani yake una hisia zilezile za uhusiano wa pande mbili. Hawakuuita ugonjwa. Kwa watu wengi, walisema, unakaa sambamba na maisha ya kawaida ya kijamii.

Sababu yake ni ya kale kuliko televisheni. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, sura uliyoiona kila siku na sauti uliyoisikia kila siku zilikuwa za watu unaoishi nao. Akili ikajijenga juu ya msingi huo: anayeonekana mara kwa mara ni wa kwetu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu tena na tena, hata bila kupata faida yoyote kutoka kwake, kunatosha kutufanya tukipende zaidi. Skrini imekuja juzi tu, na akili haikupewa chumba kipya cha kuwaweka watu wa kwenye skrini. Inawaweka palepale inapowaweka jamaa na marafiki.

Muziki unaongeza uzito wa peke yake, na hapa ningependa msomaji afanye jaribio. Vaa spika za masikioni, chagua wimbo wa taratibu, sikiliza sekunde chache kabla ya mstari wa kwanza. Utasikia mwimbaji akivuta pumzi. Utasikia midomo ikifunguka. Katika maisha ya kawaida, ni nani huwa karibu na sikio lako kiasi cha kuisikia pumzi yake? Mama alipokuwa anakubembeleza, mtoto aliyelala begani, mpenzi. Msanii amekuwa katika nafasi hiyo mara mia, mara elfu, na mara nyingi katika saa ambazo hakukuwa na mwingine: usiku wa kuachwa, safari ya kutoka hospitalini, jioni ya mtihani ulioshindikana. Hakujua kwamba alikuwapo. Wewe unajua, na mwili wako unakumbuka.

Ushabiki huu unashika mizizi zaidi katika ujana. Kijana yuko katikati ya kazi ngumu ya kuamua yeye ni nani mbali na wazazi wake. Anahitaji mfano wa kuutazama, na anahitaji pia mtu wa kumpenda ambaye hatamkataa wala kumcheka. Staa anatimiza yote mawili. Utafiti wa Jaye Derrick, Shira Gabriel na Brooke Tippin, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watu wenye kujithamini kidogo walijiona wamesogea karibu na yule wanayetamani kuwa baada ya kumfikiria nyota wampendaye. Katika mahusiano ya ana kwa ana, faida hiyo hawakuipata kwa urahisi kwa sababu waliogopa kukataliwa. Mzazi anayechana mabango ya chumbani kwa mwanawe afikirie hilo kwanza. Huenda anachokichana ni ngazi ambayo mtoto anaipandia.

Kuna wanaosema haya yote ni matokeo ya mitandao ya kijamii. Si kweli. Katika miaka ya 1840 mpiga piano Franz Liszt alipozunguka Ulaya, wanawake waligombania glavu na leso zake, na mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine akaipa hali hiyo jina linalosikika kama la maradhi. Mwigizaji Rudolph Valentino alipofariki New York mwezi Agosti 1926 akiwa na umri wa miaka 31, umati unaokadiriwa kufikia watu 100,000 ulijaa mitaani, vioo vya nyumba ya maziko vikavunjwa kwa msukumano. Valentino aliigiza filamu zisizo na sauti. Wengi wa waliomlilia hawakuwahi kumsikia akisema neno hata moja.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri. Kwa miongo kadhaa, Alhamisi ya kwanza ya mwezi ilikuwa yake: tamasha lilirushwa redioni, na kuanzia Misri hadi nchi nyingine za Kiarabu familia zilikusanyika kumsikiliza hadi usiku wa manane. Alipofariki tarehe 3 Februari 1975, watu waliojitokeza Cairo walihesabiwa kwa mamilioni. Umati ulilichukua jeneza mabegani mwa waliopewa kazi ya kulibeba, ukalizungusha mitaani kwa njia ambayo hakuna ofisa aliyeipanga. Mtu anaweza kuiona kama fujo. Mimi naona watu waliofanya kile ambacho wafiwa hufanya, yaani kumbeba mtu wao kwa mikono yao.

Anayelia, hasa, analilia nini? Kwanza analilia mtu, na sehemu hiyo isidharauliwe. Lakini analilia pia miaka yake mwenyewe. Tafiti za kumbukumbu zimeonyesha mara nyingi kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, na nyimbo za kipindi hicho hubaki na nguvu kuliko zilizokuja baadaye. Msanii wa ujana wako akifa, kipindi kile kinafungwa rasmi. Ulijua kimepita, ila sasa hakuna namna ya kujidanganya. Na zaidi ya hapo, msiba mpya huamsha wa zamani. Katika ushauri nasaha si ajabu mtu kuanza kwa kumzungumzia mwanamuziki aliyefariki, akaendelea kwa kaka yake aliyekuwa na kaseti zake zote, na dakika chache baadaye ikadhihirika kwamba kaka huyo alizikwa miaka mingi iliyopita na hajawahi kuliliwa inavyopasa. Aliyekuwa akimcheka kwa "kumlilia staa" hakujua anacheka nini.

Tatizo la msiba wa namna hii ni kwamba hauna utaratibu. Aliyefiwa na mzazi hupewa likizo, hutembelewa, hupikiwa, huambiwa pole hata na asiyemfahamu. Aliyefiwa na msanii kesho asubuhi yuko kazini na hakuna anayemuuliza kitu. Kenneth Doka, mtaalamu wa masuala ya kufiwa, alieleza mwaka 1989 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui: mtu ana uchungu wa kweli, lakini hana haki ya kuomboleza machoni pa wenzake. Majonzi ya aina hiyo hukawia kupoa, kwa kuwa mtu anabeba uchungu na aibu ya uchungu huo kwa pamoja.

Watu hujitungia utaratibu wao wenyewe pale wanaponyimwa. Maua na mishumaa hulundikwa getini, watu huimba barabarani na watu wasiowajua. Mwanamuziki John Lennon alipouawa New York tarehe 8 Desemba 1980, mjane wake, Yoko Ono, hakufanya mazishi ya hadhara. Aliomba dakika 10 za ukimya siku ya tarehe 14 Desemba, popote mtu alipo. Maelfu kwa maelfu walikusanyika kwa ajili hiyo, na baadhi ya vituo vya redio vikazima sauti. Kilikuwa kitendo cha busara sana: wageni kwa wageni walipewa jambo moja la kufanya kwa wakati mmoja, nalo likawatosha kujiona wafiwa.

Sasa, kusema mapenzi haya ni ya kweli si kusema kila ushabiki ni salama. Mwaka 2002 Lynn McCutcheon, Rense Lange na James Houran walitengeneza kipimo cha kutazama watu wanavyowashabikia mashuhuri. Katika ngazi ya chini, ambako wengi wapo, ushabiki ni burudani na mazungumzo na wenzako. Ngazi ya kati mtu humwaza staa bila kutaka, na huona kuna uhusiano wa pekee kati yao. Ngazi ya juu, ya wachache, mtu yuko tayari kufanya jambo baya au hata la uhalifu akiombwa na staa wake. Dalili za kuangalia ni za kawaida kabisa: madeni, masomo au kazi iliyotelekezwa, marafiki walioachwa, imani kwamba maneno ya kwenye wimbo yametumwa kwake binafsi.

Na kuna biashara ndani yake. Ukaribu huu unatengenezwa na kuuzwa, kwa matangazo ya moja kwa moja ya chumbani, ujumbe wa kulipia unaoanza na jina lako, kampeni za kununua nakala nyingi ili staa "wetu" ashike namba moja. Kijana aelezwe hivyo waziwazi, bila kumkejeli: hisia zako ni zako, ila kuna watu wanaolipwa kuzichochea.

Hatari kubwa zaidi iko katika siku na wiki baada ya kifo. Diana, Binti Mfalme wa Wales, alifariki katika ajali ya gari Paris tarehe 31 Agosti 1997. Keith Hawton na wenzake walipochunguza takwimu za England na Wales, walikuta kwamba baada ya mazishi vifo vya kujiua viliongezeka kwa asilimia 17, na kwa wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 44, umri unaokaribia wake, kwa asilimia 45. Na huyo hakujiua. Mashuhuri akijiua mwenyewe, hatari huwa ya wazi zaidi: baada ya mwigizaji Robin Williams kufariki Agosti 2014, vifo vya kujiua nchini Marekani katika miezi iliyofuata vilizidi vilivyotarajiwa kwa karibu asilimia 10.

Lakini haiwi hivyo lazima. Mwanamuziki Kurt Cobain alipojiua Seattle mwezi Aprili 1994, wataalamu walihofia wimbi la vijana kumfuata. Watafiti walipochunguza, hawakulikuta wimbi hilo katika mji ule. Walichokikuta ni ongezeko kubwa la watu waliopiga simu za msaada. Mashabiki walikusanyika kuomboleza pamoja, vyombo vya habari havikukipamba kifo chake, na habari za mahali pa kupata msaada zilisambazwa pamoja na habari za msiba. Kwa hiyo ewe unayeendesha ukurasa wa burudani, au kundi la mashabiki, unayo kazi ya kuokoa maisha mikononi mwako. Usitaje njia aliyoitumia marehemu. Usichapishe barua aliyoiacha. Usiseme "amepumzika na mateso" kana kwamba kifo kilikuwa tiba, wala usimwekee sababu moja, iwe mapenzi au fedha. Weka namba ya msaada mahali inapoonekana, na uirudie. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mwongozo wa namna hii kwa waandishi kwa miaka mingi.

Kwa walio karibu na mfiwa, kazi si ngumu. Acha kumuuliza alikuwa nani yake. Muulize, "Ulianza kumsikiliza lini?" kisha nyamaza. Swali hilo humpeleka mahali penye uchungu wenyewe, na mara nyingi utasikia habari isiyohusu muziki hata kidogo. Mwache acheze nyimbo, aandike, aende pale wenzake walipokusanyika. Kwa wengi, makali hupungua katika siku chache au wiki chache, wimbo unarudi kuwa wimbo.

Yasipopungua, yaani wiki zinapita hapati usingizi, hali chakula, haendi kazini au shuleni, amtafute mshauri nasaha au daktari bila kungoja zaidi. Na akianza kusema anatamani kumfuata marehemu, au akianza kugawa vitu vyake, muulize bila kuzungukazunguka kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulisema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, viondolewe karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na mtu anayemwamini.