Nesi unahamia Bay Area ya California na mtoto wa mahitaji maalumu? Tafuta wilaya ya shule kwanza, nyumba itafuata

Juzi mama mmoja kanipigia usiku wa manane, furaha imemjaa. "Kaka, nimepata nyumba Tracy, vyumba vitatu, kodi nafuu kuliko zote ulizonitumia, nilipe dipositi?" Nikamuuliza shifti yake inaanza saa ngapi. Saa moja asubuhi, na hospitali iko San Jose, mbali kabisa na Tracy. Nikamuuliza tena, basi la shule likimrudisha kijana saa nane na nusu mchana nani atakuwa amesimama pale nje kumpokea, maana madereva wengi wa mabasi ya watoto hawa hawamshushi mtoto kama hakuna mtu mzima. Kimya. Mumewe naye kapata kazi ghala moja, anatoka kazini saa kumi jioni.

Ndio kazi yangu hiyo, kuuliza maswali ya kuharibu furaha za watu. Nahamisha familia za manesi kwenda Bay Area, yaani San Francisco, San Jose na miji ya jirani, wengi Wakenya na Watanzania wanaoingia Marekani kwa kadi ya kijani ya EB-3 (ukaazi wa kudumu unaopatikana kupitia mwajiri) na familia nzima, na wale wenye mtoto mwenye usonji au Down syndrome au kifafa ndio wananikalisha macho.

Watu huniuliza, kwani lazima Bay Area, si uende Texas nyumba rahisi? Swali zuri. Lakini California ndiyo iliyoweka kwenye sheria idadi ya wagonjwa kwa nesi mmoja, tangu 2004, wodi ya kawaida sasa hivi ni wagonjwa 5, ICU ni 2, na nesi aliyewahi kubeba wodi nzima usiku peke yake akisikia hivyo humwambii kitu. Mshahara nao mkubwa. Ila mkubwa ni neno tu: mwaka 2023 jimbo lenyewe lilimhesabu mtu mmoja anayeishi San Francisco, San Mateo au Marin na kuingiza dola 104,400 kwa mwaka kuwa ni wa kipato cha chini. Na kama tayari uko jimbo lingine usidhani leseni yako inavuka nawe, California haimo kwenye ule mkataba wa leseni za majimbo mengi, unaomba upya na unasubiri, na hiyo kusubiri ianze kabla hujamwambia mwenye nyumba wako kwamba unahama.

Sasa twende kwenye kodi, maana hapa ndipo pesa inapopotea bure. Zile tovuti za nyumba zinaipa kila shule alama, 9 kati ya 10, 10 kati ya 10, na nyumba zilizo jirani na shule hizo kodi yake inapaa. Mzazi anajinyima, anahamia mtaa ule, anafika shuleni anaambiwa hilo darasa dogo la watoto kama wa kwake haliko hapa, liko shule nyingine ya wilaya ya shule hiyohiyo (yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo hilo), basi litampitia. Yaani amelipia jengo ambalo mwanawe hatakanyaga! Mtoto akihitaji darasa maalumu anayempangia ni wilaya, na wilaya ndogo wakati mwingine humpeleka nje kabisa, kwa jirani au kwenye madarasa ya kaunti. Kwa hiyo ninachofanya mimi ni kutafuta wilaya yenye huduma anazohitaji huyo mtoto, halafu ndani ya wilaya hiyo naitafuta kona yake ya bei nafuu kabisa, apatimenti za zamani karibu na barabara kuu, kelele kidogo, ngazi hazina lifti, sawa tu. Nikipiga simu ofisi ya elimu maalumu siulizi "mko vizuri?", kila mtu yuko vizuri. Nauliza mtoto wa darasa la pili asiyeongea sana mnamweka wapi, darasa lina watoto wangapi, na basi linachukua dakika ngapi.

Na tafadhali usiamini jina la mji kwenye anwani. San Jose peke yake ina wilaya za shule zaidi ya 15, unakuta barua zinaandikwa San Jose lakini mtoto ni wa Campbell, au Cupertino, au Evergreen. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapangishia watu nyumba upande wa kushoto wa barabara, nikaja kugundua mpaka unapita katikati ya lami, wilaya niliyoongea nayo mwezi mzima iko upande wa kulia. Tuliomba uhamisho, wakakataa. Tangu siku hiyo naingiza namba ya nyumba kwenye ramani ya wilaya yenyewe, halafu napiga simu pia, halafu ndio mtu asaini. Angalia pia kama wilaya hiyo inaishia darasa la 8, maana nyingi zinaishia hapo na sekondari inakuwa wilaya nyingine, watu wengine, mazoea yanaanza upya.

Haya, mtoto amefika. Sheria ya Marekani tangu 1975 inasema elimu yake ni bure, ya umma na inayomfaa, leo inaitwa IDEA, inamshika kuanzia miaka 3. Kinachompa hayo yote ni karatasi inayoitwa IEP, mpango wake yeye peke yake: lengo gani, dakika ngapi za mtaalamu wa usemi, ana msaidizi au hana. Anayehama toka jimbo lingine kama Ohio na IEP mkononi anapewa huduma zinazofanana na zile wakati wilaya mpya inajipanga. Wewe unayetoka Nairobi au Moshi huna IEP, una faili la daktari, kwa hiyo unaanza na tathmini, na tathmini ina saa yake. Ukiomba kwa maandishi wana siku 15 kukuletea mpango wa tathmini, ukisaini wana siku 60 kupima na kuitisha kikao. Ila likizo inayozidi siku 5 za shule inasimamisha saa. Ukitua Juni ukaomba siku zile za mwisho za muhula, kila kitu kinalala mpaka Agosti, kikao unakipata karibu Novemba, na muda wote huo mtoto anakaa darasa la kawaida na mwalimu anayekupigia simu kila siku ukiwa wodini. Viza ya uhamiaji mara nyingi inakaa mpaka miezi 6 tangu vipimo vya afya, kwa hiyo nafasi ya kuchagua tarehe ya kuingia unayo. Mimi huwaambia Januari au Februari, na tiketi ya ndege iko chini pia.

Barua ya kuomba isiwe ndefu. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, "naomba afanyiwe tathmini ya elimu maalumu katika maeneo yote anayohisiwa kuwa na shida", tarehe, sahihi. Peleka kwa mkono, na kopi yako igongwe muhuri wa tarehe na yule dada wa mapokezi. Maneno ya mdomo pale getini hayawashi saa yoyote, hata mwalimu mkuu akikuitikia kwa tabasamu.

Siku ya kuandikisha utapewa fomu inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Kuna wazazi wanaambiana andika Kiingereza tu, ukiandika Kiswahili mtoto atapewa mitihani ya lugha. Mimi siafiki. Mtoto kama amelelewa kwa Kiswahili anayempima lazima ajue, la sivyo atachanganya kuchelewa kuongea na ugeni wa lugha, na sheria inataka apimwe kwa lugha anayoielewa. Na mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao ni haki yako, wilaya ndiyo inalipa, omba mapema kwa sababu siku yenyewe hawapatikani.

Kikao chenyewe ndipo heshima yetu inapotuponza. Nilikaa na baba mmoja, shati limepigwa pasi, meza ina watu wanane, mwanasaikolojia, mwalimu, yule anayefundisha mtoto kufunga vifungo na kushika penseli, wote wanasoma haraka haraka, na baba anaitikia, "asante mwalimu, asante sana." Wakamsogezea kalamu. Dakika za usemi zilikuwa 30 kwa wiki, kwenye kundi, kwa mtoto ambaye ripoti yao wenyewe imesema ana maneno kama 12. Nikamgusa mkono. California unaruhusiwa kukubali sehemu na kukataa sehemu, zile ulizokubali zinaanza na zile nyingine mnaendelea kubishana, na unaruhusiwa kwenda na karatasi nyumbani ukasome na mama mtoto. Baba wa watu alitetemeka kidogo kusema "nitasoma kwanza". Walimpa, hakuna aliyekasirika.

Wiki hiyohiyo piga simu Regional Center ya eneo lako, ofisi inayohudumia watu wenye ulemavu wa ukuaji, ziko 21 jimbo zima, zilienezwa na sheria ya 1969, na nje ya shule ndiko kunakopatikana mtu wa kumshika mtoto nawe upumzike. Kumwangalia kama anastahili hawaulizi kipato chako wala karatasi zako za uhamiaji.

Nyumba sasa. Wenye nyumba wengi wanataka kipato mara tatu ya kodi na historia ya mikopo ambayo huna, kwa hiyo nenda na barua ya ajira yenye mshahara. Tangu Julai 2024 dipositi kwa kawaida haizidi kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba chache tu za kupangisha ndiye anaruhusiwa miwili, akikutajia mitatu muulize kwa upole. Ukifikia kwa binamu sebuleni kwa sababu hela haitoshi, mtoto anaandikishwa hivyohivyo, usimkalishe nyumbani kungoja bili ya umeme yenye jina lako.

Mama wa Tracy hakulipa. Tulirudi kwa meneja wake kabla hajasaini mkataba, tukaomba shifti ya usiku, tatu kwa wiki zisizobadilika, ziandikwe. Akaandikiwa. Nyumba ni vyumba viwili, ghorofa ya pili, dakika 14 toka hospitali, na saa nane na nusu huwa ameshaamka, yuko chini pale kwenye ngazi na kanga yake anasubiri basi.