Jimbo linasema amefaulu, taifa linasema bado

Mwaka 2005, jimbo la Tennessee nchini Marekani lilitangaza kwamba karibu watoto 9 kati ya 10 wa darasa la nne wanamudu kusoma. Mwaka huohuo NAEP, upimaji wa kitaifa, ulikuta waliofikia umahiri katika jimbo hilo hawafiki 3 kati ya 10. Hakuna aliyeghushi, alama za kufaulu ndizo zilizotofautiana. Jimbo lilipopandisha viwango vyake mwaka 2010, waliofaulu walipungua ghafla, na si kwamba watoto walikuwa wamesahau kusoma.

Kila jimbo hujiwekea alama yake ya kufaulu. Ya NAEP ni moja nchi nzima: katika kusoma, darasa la nne, kiwango cha msingi huanzia 208 na umahiri 238, kwenye mizani ya 0 hadi 500. Hapa wengi huteleza, waandishi wa habari wakiwamo. Umahiri wa NAEP uko juu kuliko kumudu masomo ya darasa husika, na alama za kufaulu za majimbo mengi huangukia kati ya msingi na umahiri. Mwaka 2024, asilimia 31 ya watoto wa darasa la nne walifikia umahiri wa kusoma. Kusema waliobaki hawajui kusoma ni upotoshaji. Mimi hunitisha zaidi takwimu nyingine: asilimia 40 hawakufika hata kiwango cha msingi.

Mtihani wa jimbo hufanywa kila mwaka na watoto wote wa darasa la 3 hadi la 8, na shule hupimwa kwa matokeo hayo. NAEP huchukua sampuli tu. Mtoto hujibu mafungu mawili ya maswali, dakika 30 kila moja, na hapewi alama yoyote. Mzazi anayeulizia maendeleo ya mwanawe asome ripoti ya jimbo.

Anayetaka kuupima mtihani wa jimbo wenyewe asiweke asilimia ya jimbo na ya NAEP bega kwa bega. Atazame mwenendo wa kila upande kwa miaka kadhaa, darasa lilelile, somo lilelile. Kentucky, kati ya 1992 na 1994, alama za kusoma za darasa la nne zilipanda sana kwenye mtihani wa jimbo. Kwenye NAEP hazikusogea. Hapo mtu ana haki ya kuuliza kama watoto walifundishwa kusoma au walizoeshwa mtihani.