Tik-tik ya asubuhi: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu gasketi ya ekzosi ya Land Cruiser kuukuu

"Hiyo tik-tik ni tapeti."
Ndiyo kauli ya kwanza utakayoisikia gereji ukipeleka Land Cruiser yenye 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 na silinda sita. Tapeti ni kifaa kinachosukuma valvu za injini, na huenda fundi yuko sahihi. Ila nafasi ya valvu za 1HZ hurekebishwa kwa kubadili visahani vya chuma, si kwa kuzungusha skrubu, na kazi hiyo si ya bei rahisi. Kabla hujailipia, mulika tochi pale manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote) inapokutana na hedi (sehemu ya juu ya injini); hapo ndipo inapokaa gasketi ya kuzuia moshi usivuje. Ukiona masizi meusi yametapakaa kando ya tundu mojawapo, moshi unatokea hapo.

"Ikipata moto inanyamaza, basi haina neno."
Inanyamaza kwa sababu chuma kimetanuka kikaziba upenyo. Kikipoa unarudi, na kila safari moshi unazidi kuula uso wa chuma. Tena moshi huo una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na mipira ya kuzibia matundu ya nyaya kwenye gari la miaka 30 imeshakakamaa, kwa hiyo moshi hupata njia ya kukufikia ndani.

"Paka silikoni."
Hapa ndipo tunapoliwa hela. Silikoni nyekundu ya joto kali huhimili takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Gari likipanda mlima na mzigo, moshi ndani ya manifoldi huvuka 500. Itaungua tu, na mabaki utayakwangua mwenyewe. Gasketi hii hufungwa kavu.

"Weka mpya, kazi imekwisha."
Hii ndiyo ninayoipinga zaidi, maana mara nyingi gasketi imeuawa na kitu kingine. Manifoldi ndefu namna hii hupinda kwa joto, na stadi (boliti zinazoishikilia kwenye hedi) za pembeni hukatika. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, jaribu kupitisha filageji (kisahani chembamba cha kupimia mwanya) chini. Ikipita kirahisi, manifoldi iende kwa wachonga vyuma ikasawazishwe. Nati zenye kutu zilowekwe mafuta ya kulegezea usiku kucha. Ukizilazimisha, stadi itakatikia ndani ya hedi, na hapo siku yako imeharibika.

"Kaza mpaka spana ilie."
La. Anza katikati uende pembeni, kwa awamu, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Gasketi ya zamani je, ikionekana nzima? Itupe. Imeshabonyea kufuata uso uliopinda.