Kasi ipo, mbona sauti inakatika? Maana ya pakiti, ucheleweshaji na jita kwenye simu za ofisi

Wenye nyumba za wageni hapa Lamu hulalamika kwa maneno yaleyale: mtandao tunaulipia, video zinafunguka bila shida, lakini simu ya mapokezi sauti inakatakata. Swali linalofuata huwa la pesa: tuongeze megabiti ngapi? Mara nyingi hakuna haja ya kuongeza hata moja. Ila ili mtu alikubali jibu hilo, kwanza ajue simu yake ya mezani siku hizi ni kitu gani, na yale maneno ambayo sisi mafundi huyataja haraka haraka tukaondoka bila kuyafafanua.

Tuanze na PBX. Hii ndiyo inayoiwezesha biashara kuwa na simu nyingi ndani kwa laini chache za nje. Mgeni akibonyeza 9 chumbani anapata mapokezi. Jikoni ni 21, meneja ni 22. Namba hizo fupi zinaitwa ekstensheni, na simu ya kutoka ekstensheni moja hadi nyingine haigharimu kitu, kwa kuwa haitoki nje ya nyumba. Laini zinazotoka nje ndizo tranki. Hoteli ya vyumba 30 haihitaji tranki 30, maana wageni wote hawapigi simu kwa wakati mmoja. Tatu au nne zinatosha. Zamani PBX ilikuwa kasha la ukutani lililojaa jozi za nyaya, kila jozi na simu yake, na namba ya nje ikianza na 042 kama zilivyo namba za Lamu na Malindi.

Leo kasha hilo limekuwa programu. Inakaa kwenye kompyuta ndogo ofisini, au kwenye seva ya kampuni iliyo mbali kabisa na hapa. Simu ya mezani nayo imekuwa kompyuta: ina anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, na inachomekwa kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa kebo, pale pale inapochomekwa printa. Simu hizi huitana kwa kanuni iitwayo SIP, ambayo toleo lake kuu lilitoka mwaka 2002. SIP ndiyo inayoisajili simu kwenye PBX, inayoifanya ilie, na inayomaliza mazungumzo. Sauti yenyewe haimo humo. Sauti hupita kivyake, na huko ndiko maradhi yanakoanzia.

Simu hupima sauti yako mara 8,000 kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8. Mtindo huu unaitwa G.711, upo tangu 1972, na bado ofisi nyingi zinautumia. Mfululizo huo wa namba hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande kikafungwa pamoja na anwani ya kinakokwenda. Kipande kilichofungwa hivyo ndicho pakiti. Kila sekunde unayozungumza, pakiti 50 zinaondoka kwako na nyingine 50 zinakujia, kila moja ikitafuta njia peke yake.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo. Zidisha kwa 50, kisha kwa 8 maana baiti moja ni biti 8, unapata kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. Simu kumi zikiwa hewani kwa pamoja hazifikishi megabiti moja. Mwenye laini ya megabiti 20 ana nafasi tele, na akinunua 50 sauti itaendelea kukatika vilevile.

Kasi inasema ni pakiti ngapi zinaweza kupita kwa sekunde. Sauti inataka kujua mambo mengine matatu: kila pakiti imechukua muda gani njiani, muda huo umebadilika kiasi gani kutoka pakiti hadi pakiti, na ngapi hazikufika kabisa. La kwanza ni ucheleweshaji, la pili jita, la tatu upotevu.

Ucheleweshaji watu wa makamo wanaujua hata kama hawakuwahi kulisikia jina lake. Aliyempigia ndugu yake Jeddah au Dubai enzi za satelaiti anakumbuka mlivyokuwa mkigongana maneno: unasema, kimya, unarudia, na jibu la kwanza ndiyo kwanza linafika. Satelaiti zile hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kushuka huko kunakula karibu robo sekunde kwa upande mmoja tu. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, tatizo hilo kwa sehemu kubwa liliondoka. Satelaiti za siku hizi zinazozunguka chini, kwenye kilomita 550 hivi, nazo hazina kuchelewa kule.

Jita ndiyo inayosumbua sasa, na ndiyo isiyotajwa na muuzaji yeyote wa mtandao. Chukua pakiti zilizoondoka zimepangana kila milisekunde 20. Njiani moja inasubiri foleni, ya pili inapita, ya tatu inasubiri zaidi. Zinafika mbili kwa mpigo, kisha pengo, kisha nne. Ni kama shairi linalosomwa na mtu asiyejua mizani: maneno yote yamo, ila anasimama katikati ya neno na kukimbia penye kituo, hata msikilizaji hapati maana. Ili kulirekebisha hilo, simu huziweka pakiti kidogo kwenye bafa, yaani ghala la muda mfupi, kabla ya kuzitoa sikioni, pengine milisekunde 40 au 60. Pakiti ikifika baada ya hapo, simu haiisubiri. Inaitupa, na wewe unasikia sauti imekatika.

Ndiyo sababu video inacheza huku simu inakatika. Video huchukuliwa sekunde nyingi mapema, na pakiti iliyopotea huombwa tena kimyakimya kabla hujaifikia. Maongezi hayawezi kuchukuliwa mapema, kwa kuwa neno lenyewe bado halijasemwa.

Katika nyumba za mji wa kale jita ina chemchemi mbili. Ya kwanza ni upakiaji, yaani kutuma vitu kwenda nje. Laini nyingi zina nafasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Mgeni akirekodi mashindano ya madau wakati wa Maulidi na kuanza kurusha video yake, faili hilo linaijaza ruta, kifaa kinachounganisha nyumba na mtandao wa nje, na pakiti ndogo ya sauti inajikuta nyuma ya foleni ya pakiti kubwa za video. Dalili yake ni hii: wewe unamsikia mteja vizuri, yeye ndiye anayelalamika.

Ya pili ni waifai. Nyumba zetu za mawe zina kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Tena kuta hizo zinakaribiana, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kutoka kiwandani, yaani uani, hadi kumbi za msana wa tini na msana wa yuu, mpaka chumba cha ndani, ni hatua chache tu, lakini mawimbi yameshavuka kuta kadhaa. Waifai ikidhoofika haikati mara moja. Hurudia kutuma pakiti ileile mpaka ipokelewe. Kwa anayesoma barua pepe hilo ni jambo jema. Kwa simu, kila kurudia ni jita. Mimi huwa sina maelewano kwenye hili: simu ya mapokezi iwekwe kwenye kebo. Kebo ya shaba inafika mita 100 bila tatizo, na ni nyumba chache Lamu zenye urefu huo. Ila angalia vichwa vyake. Hewa ya chumvi huzipa zile pini nane ndogo kutu ya kijani, na pini moja ikishika vibaya pakiti zinaanza kupotea huku taa ya swichi ikiwaka kama kawaida.

Kabla ya kununua chochote, pima. Keti kwenye kompyuta iliyochomekwa kwenye swichi ya simu, tuma pingi, yaani pakiti ndogo ya majaribio inayorudi na muda wake kwa milisekunde, kwa ruta, kisha kwa seva ya simu, dakika kadhaa kila moja, saa za shughuli. Usitazame wastani, soma namba zenyewe. Ukiona 31, 30, 32, 31, njia ni tulivu hata kama ni ndefu. Ukiona 31, 34, 280, 33, 415, hapo ndipo sauti inapokatika. Kwa ruta iliyo chumba cha pili namba ziwe milisekunde moja au mbili. Zikirukaruka hapo, ubaya umo ndani ya nyumba na usimlaumu mtoa huduma. Zikiwa shwari hapo na kuvurugika kwenye seva, waombe wageni wasitishe kupakia kidogo, upime tena. Zikitulia, ni foleni ya ruta yako. Zisipotulia, mpigie mtoa huduma ukiwa na namba mkononi.

Dawa ya foleni ni QoS, mpangilio unaoiambia ruta ipitishe pakiti za sauti kwanza. Pakiti za sauti hubeba alama maalumu, kwa kawaida 46, na ruta nzuri huisoma. Nje ya ruta yako hakuna anayelazimika kuiheshimu, lakini foleni mbaya kwa kawaida ni hiyo ya mlangoni kwako. VLAN ni kuigawa swichi moja iwe kama mbili, simu upande huu na wageni upande ule. Inasaidia usalama zaidi kuliko sauti, na peke yake haiondoi jita, hata ukiambiwa vingine.

Kuna lalamiko jingine linalochanganywa na haya: simu inaita, inapokelewa, halafu upande mmoja hausikii kabisa. Hilo ni la NAT. Anwani kama 192.168.1.20 inatumika ndani tu, na ruta huibadilisha kuwa ya nje pakiti inapotoka. SIP huiandika anwani ya ndani katikati ya ujumbe wake, hivyo upande wa pili hutuma sauti kwa anwani isiyofikika. Ruta nyingi zina kipengele cha SIP ALG kinachodai kusahihisha hilo. Mara nyingi hukoroga zaidi, na kukizima ndilo jambo la kwanza la kujaribu.

La mwisho ni umeme. Simu ya zamani ilipata umeme wake kwenye waya wa kampuni ya simu, ikaendelea kufanya kazi taa zikizimika. Simu ya IP huupata kwenye swichi kupitia kebo ileile, mtindo uitwao PoE, kwa hiyo swichi ikizimika simu zote zinazimika pamoja nayo. Wekeni betri ya akiba kwenye swichi, ruta na kompyuta ya PBX, vyote vitatu, na simu moja ya mkononi yenye chaji pale mapokezi, ili mgeni akihitaji 999 au 112 usiku wa giza ipatikane.