Nasaba za Wanubi wa Bombo: tunayoambiwa na yaliyotokea

Vijana wa Bombo, mji wetu sisi Wanubi kaskazini mwa Kampala nchini Uganda, wakianza kutafuta asili yao huanza na jina la babu mmoja aliyekuwa askari, na mara nyingi huishia hapohapo. Nami niliishia hapo kwa miaka. Wazee wetu wana kumbukumbu nzuri, lakini sisi tunawauliza maswali yaliyojengwa juu ya mambo yasiyo kweli.

“Wanubi walitoka Nubia.”

Nubia iko kandokando ya Nile, kaskazini mwa Sudan na kusini mwa Misri, na wenyeji wake wana lugha yao nyingine kabisa. Kinubi chetu kilizaliwa makambini. Maneno yake mengi ni ya Kiarabu, lakini kilisemwa na watu wa makabila mengi waliokutanishwa kwa nguvu na kulazimika kuelewana.

Muhammad Ali wa Misri aliivamia Sudan mwaka 1820, na mojawapo ya aliyoyatafuta huko ni watu wa kufanywa askari. Kuanzia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Khartoum walijenga zariba, yaani maboma ya kukusanyia pembe za ndovu na mateka, hadi Patiko karibu na Gulu ya leo, kaskazini mwa Uganda. Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Khedive, mtawala wa Misri, aliikuta Patiko mikononi mwao, akaigeuza ngome ya Khedive mwaka 1872. Kwa hiyo ukitafuta mababu wa Bombo, watafute kwa Wabari, Wamoru, Wamakaraka, Wadinka, Washiluki na Wakakwa. Watafute pia kwa Walugbara na Waalur, ambao ni raia wenzetu wa Uganda.

“Jina la Kiarabu ni ushahidi wa damu ya Kiarabu.”

Jina lilitolewa mtu akishatekwa, au akisilimu. Bakhit maana yake mwenye bahati, Murjan ni marijani, Farajalla ni faraja ya Mungu. Watu wa pwani watayatambua mara moja, kwa sababu huko nako watumwa waliitwa Mabruki, Feruzi na Baraka. Jina la namna hiyo linakuonyesha siku ambayo jina la kwanza lilifutwa, basi. Angalia pia vyeo vya kijeshi: ombasha, shaush na efendi vimeganda kwenye majina ya babu zetu hadi vikaonekana kama majina ya koo.

“Kipimo cha DNA kitamaliza kazi.”

Kipimo hulinganisha DNA yako na sampuli zilizokwisha kukusanywa, na za Sudan Kusini na West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni chache. Kitakupa eneo pana. Jina la kijiji hakitakupa.

“Hakuna kilichoandikwa.”

Kipo, tena kingi. Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la Sudan ya Misri, tangu 1878, aliandika shajara kwa bidii, na Lugard, afisa Mwingereza, vilevile. Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kina hifadhi kubwa ya nyaraka za Sudan. Tatizo ni nani aliyeandikwa.

Mpelelezi Stanley alimwondoa Emin mwaka 1889, lakini askari wake wengi walibaki na afisa wao Selim Bey huko Kavalli, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert. Lugard aliwafuata mwaka 1891, akawaleta Uganda. Askari walikuwa kama 600, lakini msafara mzima ulizidi watu 8,000! Kila askari mmoja alikuwa na zaidi ya watu kumi nyuma yake: wake, watoto, watumishi, na mateka waliochukuliwa njiani. Wengi waliachwa katika ngome za Toro, magharibi mwa Uganda. Askari aliingia kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo jina lake tunalo. Wale kumi hawakulipwa, hawakuandikwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Huko ndiko sehemu kubwa ya nasaba yetu iliko.

Nasema hivi nikijua kwamba wapo wanaoona aibu kutaja bibi aliyetekwa. Aibu hiyo ni ya aliyemteka. Wala kutaja alikotoka hakumpunguzii mtu uraia: Wanubi wamo katika orodha ya jamii za asili za Uganda kwenye Katiba ya 1995.

Kwa hiyo siku hizi siulizi tena “babu alikuwa nani?” Nauliza bibi alipika nini, alilia msiba kwa lugha gani, mtoto alibembelezwa kwa wimbo gani. Nyumbani kwetu kulikuwa na wimbo mmoja wa kubembelezea ambao si Kinubi, si Kiganda, wala si Kiswahili. Mama aliupokea kwa bibi yake bila kuelewa hata neno moja. Siku moja mama mmoja Mualur kutoka Nebbi, aliyekuja kutuuzia samaki wakavu, alimsikia akiuimba. Alitua beseni lake, akauendeleza kwa beti mbili ambazo sisi hatukuwa nazo.