Mbwa na Bwawa la Samaki Nyuma ya Nyumba: Uzio Uanzie Ardhini

Mbwa wengi wa Nairobi hufungiwa kibandani mchana, kisha hufunguliwa saa moja jioni walinde boma hadi alfajiri. Ndiyo maana bwawa la samaki huharibiwa usiku. Asubuhi mwenye nyumba anakuta maji yameshuka, ukingo umejaa matope, tilapia wawili watatu wanaelea, naye anashuku mwizi au korongo. Mimi kwanza hutazama laina, yaani ile karatasi nzito ya plastiki iliyotandikwa bwawani. Korongo haikwaruzi. Kucha za mbwa huacha mistari sambamba inayoshuka kuelekea majini, na kwa kawaida huwa upande mmoja tu, ule ulio karibu na anapolala au anapolishiwa.

Kabla ya kununua waya, jiulize mbwa anafuata nini pale. Mara nyingi ni harufu ya chakula. Chakula cha samaki hutengenezwa kwa unga wa omena au dagaa wengine, na kwa pua ya mbwa hiyo ni karamu. Ukitupa tembe kutoka ukingoni, zingine huangukia nyasi, naye atazitafuta usiku kucha. Tengeneza pete ya bomba la plastiki la milimita 20, iunge ncha zake ielee, uifunge kwa kamba katikati ya bwawa, na umwage chakula ndani yake tu. Lisha kile samaki watakachomaliza kwa dakika 5 hadi 10. Maji ya Nairobi huwa baridi asubuhi na samaki hula kwa uvivu, kwa hiyo saa nne asubuhi na saa kumi alasiri zinafaa kuliko alfajiri. Gunia la chakula liwekwe kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana, ndani ya stoo.

Sababu ya pili ni kiu. Mbwa wa kilo 40 anahitaji lita 2 hadi 2.5 za maji kwa siku, na zaidi akila chakula kikavu au jua likiwa kali. Wengi hupewa bakuli la lita moja mchana, kisha usiku hawapewi chochote. Weka karai zito la lita 5 upande wa boma ulio mbali na bwawa, na askari wa usiku alijaze kabla ya kufungua kibanda. Jambo hili halihitaji fundi wala fedha, lakini ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Dawa ya kupe

Hapa naomba usome polepole. Tobo kwenye laina huzibika, lakini dawa ya kupe inaweza kumaliza bwawa zima. Sipamethrini na deltamethrini, zilizomo katika dawa nyingi za kuogeshea mbwa, ni sumu kali mno kwa samaki: maikrogramu chache katika lita moja ya maji zinatosha kuua. Katika bwawa la lita 10,000 hizo ni miligramu makumi kadhaa tu, na mbwa mkubwa aliyetoka kuogeshwa hubeba kiasi kinachozidi hicho kwenye manyoya yake. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, nayo ni hatari kwa samaki. Sehemu ya dawa hunaswa na tope na mwani, lakini usitegemee hilo.

Kwa hiyo siku ya dawa mbwa abaki kibandani mpaka akauke kabisa, na aendelee kuzuiwa asiguse maji kwa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo. Ukosapo maelezo hayo, muulize daktari wa mifugo. Kola nyingi za kuzuia kupe zina dawa hizohizo, na baadhi ya lebo husema wazi kwamba zivuliwe kabla mbwa hajaingia majini. Maji yaliyobaki ndooni yasimwagwe mahali ambapo mteremko unaelekea bwawani. Mvua moja ya Aprili inatosha kuyafikisha.

Samaki wakianza kuzunguka ovyo, kulala ubavu au kurukaruka juu saa chache baada ya mbwa kuingia, usingoje. Toa theluthi moja ya maji na ujaze mengine safi, washa pampu ya hewa, kisha rudia baada ya saa kadhaa. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo tumia yaliyokaa kwenye tangi lililo wazi kwa siku moja au mbili. Katika mitaa yenye mgao wa maji ni busara kuwa na akiba hiyo tayari muda wote.

Uzio

Watu huuliza urefu kwanza. Urefu una maana, lakini mbwa wengi hupita chini: huchimba penye nyasi laini, au hujipenyeza pale waya ulipolegea. Fedha zako za kwanza ziende chini.

Chukua bwawa la mita 6 kwa 4. Uzio ukae mita moja nje ya ukingo kila upande, upate njia ya kutembea na neti ya kuvulia, na nguzo zisiguse mtaro ulioshikilia laina. Fundi asiyejua bwawa huchimbia nguzo ndani ya mtaro huo na kutoboa laina siku ya kwanza. Mwonyeshe mpaka wake kwa chokaa kabla hajashika sululu. Hapo uzio wako utakuwa mita 8 kwa 6, mzunguko wa mita 28. Gawanya kila upande mara tatu: nguzo 12, na moja ya ziada ya lango. Wayamesh ya kusuka huuzwa kwa roli za mita 18, kwa hiyo utahitaji mbili. Kwa mbwa wadogo futi 4 zinatosha. Kwa jamii ya German Shepherd nunua futi 5, na juu uongeze mikono ya chuma ya sentimita 40 iliyoinama kuelekea nje, yenye nyaya mbili laini. Usitumie seng'enge ya miiba; humchana mbwa bila kumfundisha chochote.

Udongo ndio unaoamua shimo. Kwenye udongo mwekundu wa pande za Runda na Kitisuru, sentimita 60 zinashikilia vizuri. Kwenye udongo mweusi wa Utawala, Ruai na Embakasi, chimba sentimita 90 na upanue shimo chini kuliko juu. Udongo huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na shimo lililonyooka huiachia nguzo ikapanda kidogokidogo hadi uzio mzima uiname. Zege liwe la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), na usivute waya kabla ya siku saba.

Sasa kile kinachomshinda mchimbaji. Nunua wayamesh ya kuchomelea yenye matundu ya milimita 50 na upana wa sentimita 90. Ikunje kwa umbo la L: sentimita 30 zisimame na zifungwe kwenye uzio kwa waya kila sentimita 20, na 60 zilale ardhini kuelekea nje, upande wa mbwa. Ibane kwa vigingi vya nondo vya sentimita 30, kimoja kila nusu mita, kisha uache nyasi ziote juu yake. Mbwa huanza kuchimba palepale uzio unapokutana na ardhi. Hukuta chuma, husogea kidogo, hukuta chuma tena, na hana akili ya kurudi nyuma sentimita 60 aanzie huko. Waya wa kuku haufai kwa kazi hii. Ukizikwa hushika kutu upesi, na kucha hufanya yaliyobaki.

Lango lifunguke kuelekea nje. Mbwa akilisukuma analibana zaidi kwenye kizuizi chake. Chini yake mwaga kizingiti cha zege ili nafasi isizidi sentimita 5, na utumie komeo la kuburuta badala ya kitasa cha kushusha, kwa sababu mbwa mkubwa hujifunza kukibonyeza kwa mguu. Springi ya kufanya lango lijifunge lenyewe ni ya lazima. Uzio ulioachwa wazi na mtoto aliyekwenda kulisha samaki haujazuia kitu.

Kufunika bwawa badala ya kulizungushia

Kwa bwawa dogo la mita 2 kwa 3, kifuniko kigumu ni bora kuliko uzio. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakutengenezea fremu za bomba la mraba la milimita 25, kila moja mita 1 kwa 2, zenye bawaba na wayamesh ya kuchomelea. Simama juu ya kila fremu kabla hujalipa. Isipokubeba wewe, haitambeba mbwa anayekimbia. Usikubali BRC, yaani ule wavu wa chuma wa kuimarishia zege, ya matundu ya milimita 200 peke yake. Mguu wa mbwa hupita na kuvunjika.

Neti ya ndege si kizuizi cha mbwa, na huu ndio ushauri mbaya ninaousikia mara nyingi kupita wote. Mbwa akiikanyaga hulegea, humvuta majini na kumfunga miguu. Ukihitaji neti dhidi ya korongo na mdiria, iwe ndani ya uzio.

Umeme unafanya kazi kwa mbwa wakaidi: nyuzi mbili, moja sentimita 20 kutoka ardhini na nyingine 45, zikiendeshwa na mashine maalumu ya uzio inayotoa mapigo, kamwe si umeme wa nyumba moja kwa moja. Msimu wa mvua nyasi hugusa uzi wa chini na kuumaliza nguvu, kwa hiyo zifyekwe kila wiki. Penye watoto wadogo sipendekezi.

Pilipili ya unga huoshwa na mvua ya kwanza. Nafthalini, mafuta ya taa na dizeli huua samaki kabla hazijamsumbua mbwa.

Akiingia hata hivyo

Laina yenye ukuta wa mwinuko huteleza kama sabuni, na mbwa anaweza kuogelea hadi achoke asipate pa kutokea. Weka ngazi ya kutokea hata kama uzio ni mzuri: ubao wa upana wa sentimita 40 uliopigiliwa zulia kuukuu, uanzie sentimita 40 chini ya maji, na ulale kiasi kwamba kila sentimita 30 za kupanda ziwe na 90 za kwenda mbele. Chini ya ubao tandika kipande cha ziada cha laina. Kisha mwonyeshe mbwa njia hiyo akiwa kwenye kamba, mara kadhaa. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, asinywe kabisa. Mwani wa aina fulani huweza kumuua kwa saa chache. Hakikisha pia chanjo yake ya mwaka inajumuisha leptospirosisi, kwa kuwa ugonjwa huo husambaa kwa mkojo majini na humpata binadamu.

Kama unashuku tobo, jaza ndoo maji ya bwawa, isimamishe juu ya jiwe ndani ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, na ungoje saa 24. Yakishuka sawa, hilo ni jua na upepo. Ya bwawa yakishuka zaidi, laina inavuja. Acha yashuke hadi yasimame. Tobo liko kwenye mstari huo. Safisha, kausha, na ukate kiraka kinachozidi tobo kwa sentimita 15 kila upande. Laina ya plastiki aina ya PVC hushikwa kwa gundi ya PVC, lakini ya plastiki aina ya HDPE, ambayo ndiyo wengi walionayo, haishiki gundi kwa muda mrefu. Mwite fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa hewa moto, na mwambie alete kipande cha unene uleule.