Slivu kwenye bloku ya gari la tabo: yanayosemwa gereji na ukweli wenyewe

Hapa Tabora vijana wenye Forester ya tabo, Altezza na Chaser wameongezeka, ukipita gereji za Isevya mpaka Ng'ambo mazungumzo ni busti (presha ya hewa ambayo tabo inasukuma kwenye injini) na hosipawa tu, na kuna sentensi moja inatupwa kirahisi mno: "we piga slivu halafu fungulia busti", yaani chonga silinda, ingiza bomba jipya la chuma ndani yake, kisha ongeza presha. Naandika kwa sababu nimeona bloku nzima, zenye afya kabisa, zinapelekwa kuchongwa bila sababu na zinarudi dhaifu kuliko zilivyoondoka, na bloku ukishaichonga hakuna namna ya kurudishia kile ulichotoa. Kwa hiyo wadau tuyapitie haya maneno moja moja.

"Slivu inaongeza nguvu"

Haiongezi hata hosipawa moja. Nguvu inatoka kwenye hewa na mafuta unayoweza kuchoma ndani ya silinda, slivu ni ukuta tu, kazi yake kuzuia silinda isitanuke wala kupasuka pale presha inapokuwa kubwa. Sasa mtu anaweka slivu kali halafu pistoni ni zile zile za kiwandani, konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) zile zile, tyuni (mpangilio wa mafuta na moto kwenye kompyuta ya injini) ya kubahatisha, injini ikianza kunoki, yaani mafuta kujilipukia ovyo ndani ya silinda, kinachokatika ni pale kwenye pistoni katikati ya ringi ya kwanza na ya pili, na hakuna slivu yoyote duniani inayozuia hiyo kitu. Wenye Subaru wanaijua vizuri. Pesa ya kwanza iende kwenye tyuni nzuri, mafuta mazuri, pistoni na konrodi za kufuliwa (forged), ukuta wa silinda unakuja baadaye sana kwenye foleni.

"Injini yoyote ya hosipawa nyingi lazima ipigwe slivu"

Hapa ndo watu wengi wanaumizwa. 2JZ-GTE, injini ya Toyota Supra, ni bloku ya chuma, juu imefungwa, kuta zake nene, na watu duniani wameitoa zaidi ya hosipawa 1,000 kwenye kuta zake za kiwandani bila kuigusa na slivu. 1JZ ya kwenye Chaser nayo ni chuma, 3S-GE ya kwenye Altezza ni chuma. Kuitoboa bloku ya namna hiyo wakati kuta zake ziko sawa ni kujitafutia maradhi, unaondoa chuma cha mzalishaji kilichoshikana na bloku nzima, unaweka bomba linalokaa kwa kubanwa tu.

Aluminiamu ni habari nyingine. EJ20 ya Subaru, Honda za B na K, hata 1NZ ya kwenye IST, zote ndani zina laina, yaani slivu ya kiwandani, nyembamba ya chuma iliyomiminiwa aluminiamu kuizunguka kiwandani. Nyingi zake juu ziko wazi, yaani ukitoa hedi (kifuniko cha juu cha silinda) unaona silinda zimesimama katikati ya nafasi ya maji bila kushikwa na kitu pale juu. Ukiweka busti kubwa silinda inayumba kidogo kidogo, gasketi inaanza kuliwa, mwisho laina inachanika. Kwa hizo slivu ina mantiki, lakini ni kwa mtu anayetafuta nguvu mara mbili au tatu ya kiwandani, siyo wewe unayetaka kumpita mwenzako kwenye lami ya kwenda Nzega.

"Mbona Scania na Fuso zinawekwa laina kila siku na zinapiga kazi?"

Hili swali naliheshimu, maana malori yanayopita hapa kwenda Kigoma kweli yanafunguliwa, yanawekwa laina mpya na yanaendelea na safari. Ila angalia vizuri kinachofanyika pale. Bloku ya lori kubwa la dizeli ilizaliwa na makalio ya laina, kiwanda ndicho kilichochonga ile ngazi ambayo kola (ukingo wa juu) ya laina inakalia, kilipima, kilijua mzunguko hautavuka sana 2,000 na kitu kwa dakika, na bloku yenyewe ni chuma kizito. Fundi wa lori anatoa iliyochakaa, anasafisha, anaweka oringi (pete za mpira) mpya kama laina inagusana na maji, anapima laina imejitokeza kiasi gani juu ya bloku, anafunga. Hachongi kitu kipya.

Kwenye Subaru yako hayo makalio hayapo, anayeyatengeneza ni huyo mtu wa mashine, kwa mkono wake na kipimo chake, kwenye aluminiamu, halafu injini itazungushwa mpaka 7,000. Akikosea kidogo tu ndo hivyo tena. Na wale wanaosema "huyu fundi anachonga slivu za bodaboda kila siku", sawa, anajua kazi yake na mimi simdharau, lakini boda ni silinda moja, inapozwa na upepo, bloku yake inatoka peke yake, ikikosewa unanunua nyingine asubuhi hiyo hiyo. Bloku ya gari imebeba silinda nne pamoja na makazi ya kranki, ukiivuruga sehemu moja umeivuruga yote.

"Ikishaingia imekaa milele"

Ndugu yangu, hapa tufanye hesabu. Aluminiamu ikipata joto inatanuka takriban mara mbili ya chuma. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92. Asubuhi injini iko nyuzi 25, ikishapata moto iko kama 95, hapo tundu la aluminiamu limekua kwa karibu milimita 0.15 wakati slivu ya chuma yenyewe imekua kama 0.07. Tofauti ni 0.08 hivi, unene wa unywele mmoja. Huo unywele ndo unaoamua kama slivu yako imeshikwa au inaelea. Ikiwekwa kwa kulegea, injini ikiwa ya baridi kila kitu kinaonekana poa, ikichemka mshiko unaisha, slivu inaanza kucheza na kuzama taratibu kuelekea kwenye kranki. Ikiwekwa kwa kubana kupita kiasi, bloku inapata nyufa au slivu yenyewe inakuwa yai badala ya duara.

Kuna Forester moja ililetwa gereji jirani, mwenyewe alishabadilisha gasketi ya hedi zaidi ya mara moja, kila mara inakaa muda mfupi halafu maji yanaanza kutoa mapovu kwenye kopo na mipira ya rejeta inakuwa migumu. Hedi ilipotolewa ukipitisha ukucha kutoka kwenye aluminiamu kwenda kwenye slivu ya silinda ya tatu ukucha unadondoka, unasikia kabisa kingazi. Rula ya chuma ikilazwa juu yake, kile kipimo chembamba cha milimita 0.05 kinapita chini bila kugusa. Na kwenye gasketi kulikuwa na mstari mweusi wa masizi umetoka kwenye silinda ukaelekea moja kwa moja kwenye tundu la maji. Gasketi haikuwa na kosa lolote, ilikuwa haina kitu cha kuibana.

Namna inayotakiwa ni bloku kupashwa moto yote kwa pamoja ndani ya oveni, slivu inapozwa sana, wenye uwezo wanatumia naitrojeni ya kimiminika, inaingia karibu kwa uzito wake wenyewe, halafu inakandamizwa na kushikiliwa mpaka joto lilingane ili kola ikae chini kabisa. Kugonga kwa nyundo na ubao hapana. Kuchoma upande mmoja kwa gesi ndo kabisa, maana unaipinda bloku na unailainisha aluminiamu iliyokuwa imekomazwa kiwandani, jamani hilo naomba tuliache.

"Slivu nene ndo imara zaidi"

Nafasi kati ya silinda na silinda haiongezeki. Unene unaouongeza kwenye slivu umeutoa kwenye bloku, na chuma kinapitisha joto polepole kuliko aluminiamu, kwa hiyo ukuta mnene unabaki na moto zaidi pale juu pistoni inapofanya kazi kubwa. Ukiongeza na kipenyo ili upate cc nyingi, ile sehemu nyembamba ambayo gasketi inaziba kati ya silinda mbili inabaki kaukanda. Ndo inakoanzia kuvuja.

"Maji ya kisima yanatosha"

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliochoka, usioshikilia presha inayozuia maji yasichemke mapema, peke yake unatosha kuua injini ya tabo mwezi wa kumi. Na hewa huku ni nyepesi kuliko Dar, tabo inalazimika kuzunguka zaidi kupata kiwango kile kile, hewa inaingia ikiwa na moto zaidi. Sasa kama slivu zako ni zile zinazogusana na maji moja kwa moja, kinachotenganisha maji na sampu (bakuli la oili) ni oringi za chini tu. Maji ya chumvi ya kisimani yanakula aluminiamu pale inapokutana na chuma, oringi inakosa pa kukalia, maji yanashuka kwenye oili, oili inakuwa nyeupe nzito na beringi zinafuata. Kulanti ya ukweli, iliyochanganywa kwa kipimo, hapo siyo anasa.

"Ukishaweka unahoni, unafunga, basi"

Hedi ikifungwa boliti zinavuta bloku na silinda inabadilika umbo, kwa hiyo kuhoni, yaani kusugua ukuta wa silinda kwa mawe, inatakiwa ifanyike bamba zito la chuma likiwa limefungwa pale juu kwa toki (nguvu ya kukaza boliti) ile ile ya hedi. Uso wa juu wa bloku usawazishwe baada ya slivu kukaa, siyo kabla. Halafu mstari wa makazi ya kranki upimwe upya kwa sababu kuchonga na kupasha moto kunaweza kuuvuta pembeni, hiki watu wanakiruka sana na ndo chanzo cha beringi kufa mapema halafu lawama zinaenda kwa oili. Kama bloku inapanda basi kwenda Mwanza au Dar kuchongwa, ulizia haya kabla haijapakiwa, na uombe vipimo vya kila silinda viandikwe kwenye karatasi, juu, katikati na chini. Fundi mzuri hakasiriki ukimuomba hivyo.

"Ikiharibika unapiga slivu nyingine"

Slivu ya pili inataka tundu kubwa zaidi ya la kwanza. Bloku ya aluminiamu mara nyingi haina hiyo nafasi, hapo unatafuta bloku nyingine.

"Bloku yenye slivu ni mfu, usiinunue"

Hii nayo ni ya kukosea upande wa pili. Bloku ya chuma iliyokwaruzwa silinda moja, ikawekwa slivu kavu (isiyogusana na maji) hiyo silinda moja tu na mtu anayejua, ni matengenezo halali kabisa yanayofanywa dunia nzima, gari likarudi barabarani miaka na miaka. Hata Corvette Z06 ya 2006 ilitoka kiwandani Marekani na injini ya LS7 ya lita 7, bloku ya aluminiamu yenye slivu zilizosukumizwa ndani, hosipawa 505. Kwa hiyo mdogo wangu ukiuziwa 1JZ ikasemwa ina slivu moja, usikimbie, omba hedi itolewe, pitisha ukucha na rula, angalia kama mzunguko wa slivu umekaa sawa na uso wa bloku, na ukiona kingazi bei ijadiliwe kama ya bloku ya kuchongwa upya.